Simu na Usukani: Mwongozo kwa Anayeendesha Tanga, Kuanzia Kabla ya Kuwasha Gari

Dereva wa Tanga hapungukiwi mawaidha. Mabango yapo, trafiki yupo, mama nyumbani anasema, na shekhe naye keshasema msikitini. Pamoja na hayo, simama jioni pale Mabanda ya Papa utazame wanaopita: huyu kainamisha shingo anasoma kitu mapajani, yule kashika usukani kwa kiwiko, bodaboda kaibana simu ndani ya helmeti anaongea huku anakata kona. Wote wanajua ni hatari. Kwa hiyo mwongozo huu hautakutisha kwa picha za ajali. Unahusu kazi ya kufanya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika gari likiwa bado limezimwa. Ukiingia barabarani na simu iko mbele yako inaita na kumulika, hapo umeshachelewa, kwa sababu ni wachache wanaoweza kuliona jina la mtu wao kwenye kioo wakaacha kulitazama.

Ujue kwanza unachokikabili

Anza na hesabu ndogo. Kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho kwenye maeneo ya makazi, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye 80 linakula mita 22. Watafiti wa Virginia Tech, Marekani, waliofunga kamera ndani ya malori, walitoa matokeo mwaka 2009: dereva anayeandika ujumbe aliondoa macho barabarani kwa sekunde 4.6 ndani ya kipande cha sekunde 6, na hatari yake ya kupata ajali au kuikosakosa ilikuwa mara 23 ya dereva asiyefanya hivyo. Sekunde hizo 4.6, kwa mwendo wa 80, ni zaidi ya mita 100. Ni kama kulivuka dimba la Mkwakwani kutoka goli hadi goli umefumba macho.

Sasa fikiria mita 100 hizo zina nini ukiwa kati ya Pongwe na Muheza. Kuna lori la saruji linatoka kiwandani polepole. Kuna mzee kwenye baiskeli, kafunga mzigo wa kuni uliopanuka kushoto na kulia, naye yuko juu ya ukingo wa lami kwa sababu pembeni pana mchanga. Huu ni mkoa wa baiskeli, na mwenye baiskeli hana kioo cha kukuonea wewe unayekuja nyuma. Mbele kidogo kuna wauza machungwa, na mtoto anayekimbilia gari lililosimama ili awahi kuuza yeye kwanza. Na kuna matawi. Lori likiharibika, utingo hukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani nyuma ya gari. Huko kwetu hiyo ndiyo alama ya tahadhari ambayo kila dereva anaielewa. Tatizo lake ni kwamba tawi halimuliki. Anayetazama mbele huliona mapema akapunguza mwendo. Aliyekuwa anasoma stetasi ya mtu hulikuta limeshafika chini ya bampa, na lori lenyewe liko hatua chache mbele.

Kuna wanaosema, "Mimi situmii mkono, naongea kwa bluetuthi." Hapa wengi hubisha, lakini ushahidi hauko upande wao. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha ana hatari ya kupata ajali karibu mara nne zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa kuliko ile inayoshikwa. Jicho linatazama barabara lakini akili iko kwenye mazungumzo, na kitu kilicho mbele ya macho hakionekani. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Utah kwa ajili ya AAA, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, uliotangazwa mwaka 2015, uligundua kwamba baada ya kumaliza kuiamuru simu au redio ya gari kwa sauti, akili ya dereva inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani sawasawa. Kwa mwendo wa 80 hizo ni mita 600. Kwa hiyo hata yule anayesubiri taa nyekundu ili ajibu "sawa" haraka haraka, taa ikiwaka kijani anaondoka na mwili, akili inamfuata baadaye.

Hatua ya kwanza: maliza na watu

Miongozo mingi huanza na mipangilio ya simu. Mimi naona waanze watu, kwa sababu simu haijipigii yenyewe.

Kaa ufikirie ni nani hasa wanaokutafuta ukiwa barabarani. Kwa wengi ni walewale wanne au watano: mke au mume, bosi, mteja mmoja wa kudumu, na ndugu anayeuliza umefika wapi. Waambie siku moja, kwa maneno ya kawaida, kwamba ukiwa kwenye usukani hupokei, na kwamba kutopokea si dharau. Pwani hili linahitaji kusemwa mapema. Sisi simu haianzi na jambo. Inaanza na habari za tangu jana, watoto hawajambo, mzee anaendeleaje na miguu, na hapo ndipo mtu anakumbuka alichopigia. Kumkata mtu katikati ya salamu ni utovu wa adabu, na dereva mwenye adabu ndiye anayejikuta amefika Kange bado anasema "alhamdulillahi". Dawa ni kuweka mipaka kabla simu haijaita.

Ukisahau kuwaambia na ukalazimika kupokea, uwe na sentensi moja tu: "Niko barabarani, nitakupigia nikifika Muheza." Taja mahali. Ukisema "nitakupigia baadaye", baada ya dakika tano atapiga tena. Ukisema Muheza, atasubiri Muheza.

Kwa safari ndefu, ya kwenda Dar kwa mfano, ambayo ni karibu kilomita 350, tumia kile kipengele cha WhatsApp cha kuonyesha mahali ulipo moja kwa moja. Unachagua dakika 15, saa moja au saa nane. Chagua saa nane, mtumie anayekusubiri kabla hujawasha gari, basi. Atakuona Hale, atakuona Segera, atakuona unavuka Wami, bila kukuuliza. Inakula bando kidogo na betri, kwa hiyo chomeka chaji. Sehemu zenye mtandao dhaifu alama itasimama kwa muda. Mwambie mapema asije akadhani umepinduka.

Na wewe unayempigia dereva una sehemu yako. Swali lako la kwanza liwe "Uko kwenye usukani?" Akisema ndiyo, kata. Usianze kueleza eti ni jambo la sekunde moja.

Hatua ya pili: ifunge simu midomo

Ukishamalizana na watu, ingia kwenye simu yenyewe. Fanya hivi nyumbani, si getini.

Simu nyingi za Android zina kipengele kinachoitwa Usinisumbue ndani ya mipangilio. Ukikiwasha, sauti na arifa zote zinanyamaza. Ndani yake unaweza kuruhusu watu wachache tu wapite, wale uliowawekea nyota kwenye orodha ya majina. Kuna pia sehemu ya mpigaji anayerudia: mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita. Hiyo ndiyo njia ya dharura, na ndiyo jibu kwa anayesema "je, mtoto akiugua?" Mwambie mkeo apige mara mbili mfululizo. Simu ikiita kwa namna hiyo unajua ni jambo zito, unatafuta pa kusimama.

Kwenye iPhone, tangu mwaka 2017 kuna hali maalumu ya uendeshaji. Inaweza kujiwasha simu inapohisi gari linatembea au ikiunganishwa na bluetuthi ya gari, na kumjibu anayekuandikia kwamba unaendesha. Huko mpigaji anayerudia ni ndani ya dakika tatu.

Halafu magrupu. Grupu la ukoo, la waliosoma pamoja, la vikoba, la timu, la mtaa. Yanyamazishe yote. WhatsApp inakupa saa nane, wiki moja au daima, na sijaona grupu la ukoo ambalo halistahili "daima". Lakini lipo moja ambalo madereva hawataki kuligusa, nalo ni lile la kupeana habari za tochi, yaani kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. "Pongwe pana tochi." "Mkata wapo, tembeeni 50." Kila baada ya dakika chache dereva anashusha macho kusoma wapi asimamishwe kwa mwendo, na akiwa anasoma hajui mwendo wake ni ngapi. Ukitembea 50 kwenye 50, grupu hilo halina kazi kwako.

Muziki, mawaidha au mpira wa redioni, uchague kabla. Ramani kama unaihitaji, iandikie unakokwenda ukiwa umesimama, uipakue iwe ndani ya simu, na usikilize sauti yake badala ya kuitazama.

Hatua ya tatu: iweke mbali na mkono

Simu iliyo kwenye mapaja ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa inakulazimisha kuinamisha kichwa. Iliyo kwenye kiti cha pembeni inateleza ukifunga breki, na mtu anaiokota kwa silika huku gari linatembea. Iweke kwenye droo ya dashibodi ukaifunga, au kwenye begi siti ya nyuma. Kama kuna ramani, ifunge kwenye kishikio imara usawa wa dashibodi, isizibe kioo cha mbele.

Safari za mwanzo mkono utakwenda wenyewe kuitafuta. Ni mazoea tu. Anza kujizoesha kwenye njia fupi, Raskazone mpaka Chumbageni, kabla ya kujipima na safari ya Dar. Kwenye njia fupi utagundua pia kwamba hakuna aliyekufa kwa kukukosa dakika kumi.

Hatua ya nne: panga vituo vya simu

Huu ndio moyo wa jambo lote kwa mtu wa safari ndefu. Dereva anayejua atasoma ujumbe wake wapi, hasumbuki na ujumbe. Asiyejua, kila mlio unamchoma.

Kutoka Tanga kwenda Dar, vituo vinajipanga vyenyewe: Muheza, Segera, Mkata, Msata, Chalinze. Hakuna kipande kati yake kinachokuhitaji ukae kimya nusu siku. Ukienda upande wa Moshi, baada ya Segera una Korogwe na Mombo. Chagua vitatu au vinne, uviseme kwa sauti kwa uliyenaye garini. Kwenye kila kituo, zima injini, jibu zote, pigia wa kupigiwa, kunywa maji, nenda haja.

Ikija dharura katikati ya njia, kusimama nako kuna namna yake. Tazama kioo cha nyuma, washa indiketa mapema, punguza taratibu, toa gari lote nje ya lami. Magurudumu mawili yakibaki juu ya lami, bado uko barabarani. Usisimame kwenye kona, kwenye kilele cha mlima wala karibu na daraja. Vuta breki ya mkono, washa taa za tahadhari, na kama unakaa zaidi ya dakika chache toa ile pembetatu yako uiweke nyuma. Usiku, ni heri usogee mpaka penye taa na watu. Ukimaliza kuongea usiondoke hapo hapo. Kumbuka zile sekunde 27: weka simu pake, vuta pumzi, tazama vioo vyote, ndipo uingie.

Bodaboda na bajaji

Kwa hawa simu ndiyo kijiwe. Mteja akipiga mara mbili hajakupata, anampigia mwenzako, na jioni hesabu ya tajiri iko palepale. Kumwambia bodaboda "zima simu" ni maneno ya mtu anayelipwa mshahara. Kwa hiyo tusiseme hivyo.

Fanya hivi. Pakua WhatsApp ya biashara, ni bure. Ndani yake kuna ujumbe wa kujibu wenyewe usipokuwepo. Andika: "Niko na abiria, nakupigia nikimshusha. Taja ulipo na unakokwenda." Mteja akishataja alipo ameshajifunga kwako, na wengi watasubiri. Hakikisha data imewashwa, la sivyo haujibu kitu. Kwa wanaopiga kawaida, kubalianeni kijiweni: mteja wako wa kudumu awe na namba ya mwenzako mmoja unayemwamini, naye wa kwake awe na yako. Mnapeana abiria badala ya kunyang'anyana.

Simu ndani ya helmeti iache kabisa. Inalegeza helmeti, inaziba sikio, na ikianza kuteleza mkono unaachia usukani kuikamata. Pikipiki haina namna ya kukusamehe hapo. Hedifoni kwenye masikio yote mawili zinakunyima honi ya lori la nyuma. Na ule ujumbe wa malipo, abiria akishuka akasema "nimeshatuma", usome ukiwa umesimama, mguu chini. Ukiondoka kwanza ukasome njiani unaweza kupoteza hela na roho kwa pamoja.

Mwenye gari

Tajiri, wewe ndiye unayempigia dereva wako saa tano usiku umuulize yuko wapi. Asipopokea unakasirika. Halafu likitokea la kutokea unasema dereva alikuwa mzembe.

Toa agizo moja: ofisi inampigia konda au utingo, dereva hapigiwi. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha VTS kinachopeleka kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, habari za mwendo na mahali gari lilipo. Kwenye lori lako unaweza kufunga kifuatiliaji chako ukaliona gari kwenye simu yako bila kumgusa mtu. Agizo hilo liandike kwenye mkataba wa dereva, kisha ulifuate wewe mwenyewe kwanza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ina makosa ya kuendesha kwa uzembe na kwa hatari, na mahakamani anayesimama kizimbani ni dereva, si wewe uliyepiga.

Kuhusu kuingia laivu, kurekodi mshale wa spidi na kujipiga video ukiwa kwenye usukani, sina mengi. Acha. Kama biashara yako inahitaji video, arekodi mwingine.

Siku ya msiba

Hili nalitenga kwa sababu kwetu ndilo linaloshinda mipango yote. Mtu amefariki Ngamiani alfajiri, maziko ni baada ya Alasiri. Ndugu wa Dar anapata habari saa moja asubuhi, anakusanya watu garini, na kuanzia hapo simu haitulii: nani kaambiwa, sanda imenunuliwa, kaburi limechimbwa wapi, mmefika wapi, je tuwasubiri. Dereva amelia, hajala, ana haraka, na ndiye anayeulizwa kila kitu kwa kuwa gari ni lake.

Kabla ya kuondoka, chagueni mtu mmoja asiyeendesha awe ndiye mwenye simu. Namba yake ipelekwe msibani: "Anayeongea na sisi ni shangazi." Simu ya dereva anaishika shangazi huyo huyo, kimwili, mkononi mwake. Kama kuna habari nzito zaidi inakuja njiani, na wakati mwingine huja, asimwambie dereva gari likitembea. Angoje Mkata au Segera wasimame. Kama marehemu ni wa karibu sana na dereva, mzazi au mwenza au mtoto, tafuteni dereva mwingine au pandeni basi. Msibani wawaambie wazi kama watasubiri au hawatasubiri, maana dereva akishajua maziko hayatamngoja, au yatamngoja, anaacha kukimbizana na saa.

Ukiwa abiria

Abiria wengi huona dereva anachati wakanyamaza, kila mmoja akitegemea mwenzake aseme. Sema wewe, lakini sema kwa utaratibu. Kwenye basi anza na konda: "Kaka, samahani, mwambie dereva aweke simu, tunaogopa." Sauti ya kawaida, ifike kwa siti mbili tatu za jirani, ili na wao waunge mkono. Kumfokea dereva kutoka nyuma kunamfanya ageuke kukujibu, na sasa hatazami simu wala barabara. Kwenye bajaji au teksi njia nyepesi ni kujitolea: "Mjomba, nipe nikuandikie mimi." Wengi hupewa. Akigoma, mwambie akushushe penye watu, umlipe alipokufikisha.

Dereva akiwa ni baba yako au kaka yako mkubwa, ugumu ni wa heshima. Usimrekebishe mbele za watu. Chukua simu inapoita, useme, "Baba, ni fulani, nimwambie nini?" Umeshaipata mkononi, usiirudishe mpaka mfike.

Asiposikia konda wala dereva, andika namba ya gari, saa, na mahali, mathalani "Michungwani, saa nne asubuhi". Mpe trafiki kwenye kituo cha ukaguzi kinachofuata, au piga namba zilizobandikwa ndani ya basi. Kwa dharura ya polisi ni 112. Kama ulirekodi video, mpe trafiki huyo. Usiirushe kwenye magrupu, kwa kuwa dereva wa gari la nyuma yenu naye ataifungua akiwa kwenye usukani.